Mapazia hayakuwemo

Nilinaswa nikinyata uani kwangu Shirimatunda, nimekumbatia mapazia hadi machoni, nikitaka kuyatumbukiza kwenye beseni la dada aliyekuja kunifanyia usafi. Tulikuwa tumepatana bei ya sakafu na madirisha tu. Sisi wenye nyumba ndivyo tulivyo: tukishapatana, ndipo tunakumbuka uchafu mwingine.

"Baba, hayo hayakuwemo," alisema, akilivuta beseni kwa mguu. "Yana bei yake. Kuna nyumba Pasua inanisubiri, nikichelewa wanamwita mwingine."

Nimebishania bei kwenye masoko ya nchi nyingi, nikajiona mjanja. "Basi nitakuongezea mkungu wa ndizi, dada yangu."

Akakung'uta mikono, akanitazama kana kwamba mimi ni mtalii.

"Ndizi? Mimi natoka Kibosho, zinatuozea shambani. Taja bei, au yarudishe dirishani."