Vijiti vya Mchungwa wa Mabula

Nakumbuka siku niliyosimamishwa mbele ya watu wa Pasiansi kwa kosa la kukata vijiti vya mchungwa, nikaambiwa niombe radhi, nikakataa. Mwanangu, nimezeeka sasa, magoti yananisumbua na meno yamebaki ya kuhesabu, lakini radhi ile bado sijaiomba. Ukinisikiliza mpaka mwisho utaamua mwenyewe kama mzee huyu ni mkaidi au ni mwizi. Wapo wanaosema ni vyote viwili, nami sibishani nao.

Wakati huo Pasiansi haikuwa ya kuta na mageti kama unavyoiona leo. Bustani ziliteremka katikati ya mawe makubwa mpaka ufukweni mwa ziwa, na kila nyumba ilikuwa na michungwa yake. Jirani yetu alikuwa Mzee Mabula, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Uani kwake, karibu na maji, ulisimama mchungwa ambao hakuupanda yeye. Uliota wenyewe kutokana na mbegu iliyotemwa na wasafiri waliokuwa wakisubiri mitumbwi. Machungwa yake yalikuwa na sura mbaya, ya kijani hata yakiiva, ganda limejaa mabaka. Lakini yalikaa mtini kiangazi chote bila kukauka maji. Machungwa yetu yalipokwisha tukabaki kutazamana, wa Mabula ulikuwa bado umebeba. Kizuri chajiuza, na wanunuzi walitoka mjini kumfuata nyumbani kwake.

Mabula aliujua utamu wa kuwa peke yake. Machungwa yale yalikuwa karibu hayana mbegu, kwa hiyo njia ya kuupata mti ule ilikuwa moja tu, kubebesha: unachukua kijiti chenye macho, unachanja gome la mche wa mlimao, unapachika jicho humo na kulifunga mpaka lishike. Sisi tulifundishwa shuleni, kwenye somo la kilimo. Mabula naye alilijua hilo. Kila alipopogoa alikusanya matawi yote akayachoma, akasimama palepale mpaka yakawa majivu. Baba yangu alimwomba kijiti kimoja kwa adabu zote, akajibiwa, "Omba ng'ombe, hapo nitafikiria."

Jibu lile lilinichoma kuliko lilivyomchoma baba. Nilikuwa kijana, nina kisu, nina miche ya milimao nyuma ya nyumba, nina hasira. Mabula alipokwenda msibani niliruka uzio wake wa minyaa mchana kweupe, nikakata vijiti nilivyovitaka na kuvifunga kwenye kitambaa chenye maji. Binti yake, Minza, ambaye tulisoma naye, alikuwa anaanika dagaa juu ya jiwe. Alinitazama, nami nikamtazama. Nilidhani atanyamaza. Baba yake aliporudi, kabla hata hajakaa, alikwisha kuambiwa yote.

Tulikutana kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mabula alitaka mambo mawili: miche niliyoibebesha ing'olewe na kuchomwa mbele ya watu, kisha nipige magoti nimwombe radhi. Baba kwa aibu alinisukuma bega nipige magoti. Sikupiga.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia Mabula. "Miche ing'oeni kama mnataka, lakini radhi siombi. Mti huu hukuupanda wewe. Siku ukifa, na mti nao ukifa, nani atakula?"

Watu waliguna. Kijana kumtajia mzee kifo chake mbele ya watu ni matusi kwetu, na maneno yale sikushauri uyaige. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki.

Balozi alikuwa mtu wa kupenda amani, akaona jambo limemzidi. Akaagiza aitwe Bibi Milembe, shangazi wa mama yangu, mwanamke aliyekuwa na miti ya matunda ya aina nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa na desturi yake: hakuusifu mti hata siku moja mpaka aone umefanya nini mwaka wa ukame. Watu walileta matunda yao matamu kwake, anakula, anashukuru, hasemi neno. Alifika, akakaa, akaomba maji, akayanywa taratibu huku sote tumesimama. Kisha akanigeukia mimi kwanza, nami nikafurahi nikidhani nimepata mtetezi.

"Machungwa ya mti huu umeyala mara ngapi?"

"Mara moja, bibi. Kwenye harusi."

"Mwaka huo mvua zilikuwaje?"

"Zilikuwa nyingi."

"Mwaka wa mvua hata mbigiri inapendeza," alisema. "Umeiba sifa, mjukuu wangu, hujaiba mti. Hujui kama unazaa kila mwaka. Hujui ukame ukija utashika matunda au utayamwaga. Hujui ukitoka hapa majini, ukapandwa kwenye mawe, utakuwa mti au kuni. Unataka watu wauhudumie miaka na miaka, halafu wakute ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti? Kama ni kuiba, basi ungeiba kitu unachokijua."

Watu walicheka mpaka balozi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mabula naye akaanza kutabasamu, mapema mno, maana bibi alikuwa anamgeukia.

"Mabula mwanangu, ng'ombe wako wako wapi?"

Mabula alishangaa. "Wengine hapa. Wengine kwa shemeji yangu kule Magu, wengine kwa rafiki yangu kule Misungwi. Si unajua, mama."

"Kwa nini usiwaweke wote zizini kwako, uwe unawaona kila asubuhi?"

"Ugonjwa ukiingia nitabaki na fimbo tu."

Kila Msukuma aliyekuwa pale alilijua jibu hilo kabla halijatoka. Ndivyo tulivyolelewa. Ng'ombe unayempenda unamkabidhi mwenzako amchunge, anywe maziwa yake, na siku balaa likibisha hodi kwako unajua una ng'ombe kwingine.

"Na mti?" bibi akauliza.

Mabula akasema, "Ng'ombe ni ng'ombe, mti ni mti," akachukua fimbo yake.

Usidhani, mwanangu, kwamba alilia akanikumbatia. Hadithi za namna hiyo wasimulie wengine. Alikufa miaka mingi baadaye, na mpaka anakufa nilipomwamkia aliitikia kwa kukohoa. Ila hukumu ya Bibi Milembe hakuikataa, kwa sababu kumkatalia mama yule ilikuwa kazi. Bibi aliamua miche yangu isichomwe, bali ihamishiwe kwenye shamba lake la Kiseke, juu kwenye mawe, mbali na ziwa. Ikishashika nisiipe tone la maji, maana mti uliomwagiliwa hudanganya. Wakati huohuo niwe napeleka samadi kwenye mchungwa wa Mabula, niupalilie shina, na kila msimu nimweleze bibi mti umefanya nini. Ikishindwa kule juu, niing'oe kwa mikono yangu. Kuhusu radhi alisema, "Radhi ya kulazimishwa haina ladha. Mwacheni."

Nilibeba samadi kupeleka kwa mtu asiyeitikia salamu yangu. Ilinikasirisha, nakwambia kweli. Lakini mti ukiuhudumia lazima utautazama, na ukiutazama utaujua. Niliujua mchungwa ule ulivyopumzika mwaka mmoja ukazaa kidogo, mwaka uliofuata ukafidia. Nilijua matunda ya ndani, yaliyofichwa na majani, yalichelewa zaidi na yalikuwa matamu zaidi. Nilijua utomvu ulitoka shinani mara moja tu, nikakwangua pale, pakapona. Mambo hayo yote nilimpelekea bibi, naye alisikiliza kama anavyosikiliza mtu habari za mchumba wa mjukuu wake.

Kisha ukaja ukame wenyewe. Ng'ombe walikonda mbavu zikaonekana, na michungwa ya watu ilipukutisha matunda yangali machanga. Nilipanda Kiseke nikiwa na jembe begani, tayari kung'oa. Nilikuta miche yangu, wakati huo imeshakuwa miti, imekunja majani kwa kiu, lakini matunda iliyobeba haikuyaachia. Nilichuma moja nikampelekea bibi. Lilikuwa dogo, ganda gumu, baya kuliko yale ya ufukweni. Alilikata, likatiririka. Alikula lote, akaramba na vidole.

"Sasa unajua ulichoiba," alisema. "Kigawe."

Nami nikagawa. Sikuuliza dini wala kabila. Aliyekuja na mche wa mlimao nilimpa macho ya kupachika, kwa sharti moja, kwamba na yeye akiombwa asinyime. Yalikwenda Mkolani, yakavuka maji mpaka Ukerewe, mengine sijui hata yalikofika. Waliponiita mwizi niliitika. Wapo walionisengenya msikitini na kanisani, halafu jioni wanakuja kwa mlango wa nyuma kuomba kijiti. Niliwapa na wao.

Sasa sikiliza kilichotokea juzijuzi, miaka ile ziwa lilipopanda. Maji yalimeza fukwe, yakaingia kwenye bustani, yakaingia mpaka jikoni kwa watu. Mimi nilikuwa nimeshahamia Kiseke. Siku moja nikasikia hodi, kutoka nje namkuta Minza, yule binti wa Mabula, na yeye mvi tupu, kanga imejaa matope mpaka magotini. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Mti wa baba umekufa," alisema. "Ulisimama majini nikasema maji yakiondoka utaamka. Yameondoka. Nimekwangua gome, ni mkavu mpaka chini."

"Pole, Minza."

"Mimi ndiye niliyekusemea kwa baba."

"Najua. Ulikuwa na mdomo."

Alicheka, na machozi yakamtoka. "Baba aliniachia ule mti nikaulinda kama alivyoulinda yeye. Sikumpa mtu hata jani. Sasa nimekuja kukuomba wewe, na kama unataka nipige magoti, nitapiga."

Mwanangu, moyo wa binadamu ni kitu cha ajabu. Ningeweza kufurahi siku ile, nilikuwa na kila sababu, na sikufurahi hata kidogo. Niliumia kwa ajili ya mti ambao niliulisha kwa mikono yangu, na niliumia kwa ajili ya Mabula. Nilimkatalia Minza kupiga magoti. Nikampeleka nyuma ya nyumba, nikamwonyesha miche mizuri iliyokwisha kushika, nikamwambia achukue anayoitaka, ya baba yake hiyo. Alichagua kwa macho makali, kumbe alikuwa anaujua mti.

"Safari hii nitaipanda juu, mbali na maji," alisema. "Na nitajenga uzio imara."

"Jenga," nikamjibu. "Lakini ukianza tena kuchoma matawi, nitaruka. Na magoti yangu haya mabovu, nitaruka."

Aliondoka akicheka. Miche yake imezaa, na nasikia watu wa Pasiansi wanakwenda kukata vijiti kwake, naye huwapa huku akiwafokea.

Nimekusimulia haya kwa sababu nawasikia ninyi vijana mnavyosema. Juzi alinijia mfanyabiashara mmoja, kijana nadhifu, ananiita mzee wangu kila akivuta pumzi. Anataka nikate miti yangu yote nipande aina moja, ile ya njano inayong'aa, kwa sababu ndiyo wateja wake wanayoitaka mwaka huu. Nilimuuliza aina hiyo imefanya nini mwaka wa ukame. Hakujua. Nilimuuliza kama angeweka ng'ombe wote wa nchi hii zizi moja. Alinionea huruma. Nilimpa chungwa, nikamsindikiza mpaka barabarani, na sikati.

Nasaha yangu ni hii, wala siifichi kwenye mafumbo. Usiusifu mti kwa tunda moja ulilokula siku ya sherehe. Ukae nao miaka, uuone ukiwa na kiu, uupande kwenye udongo mwema na kwenye mawe, ndipo useme. Mvumilivu hula mbivu. Ukishaujua kuwa ni mzuri, usiufungie ndani ukadhani umeutunza. Mti ulio kwako peke yako tayari umeanza kufa, hata kama leo umejaa matunda. Mpe rafiki, mpe jirani mbaya, mpe na yule aliyekusemea. Na akija mtu na suti yake au na cheo chake kukwambia cha wazee wako hakina thamani kwa sababu ganda lake halipendezi, mwitikie salamu, mpe maji ya kunywa, kisha mkatalie. Akirudi, mkatalie tena. Kukataa nako ni kulima.

Mungu akupe mikono inayoshikisha kila inachobebesha. Akupe miti ya kuzidi umri wako, na majirani wengi wa kukusumbua mlangoni kwa maombi. Akuepushe na mwaka wa kubaki na fimbo tu. Haya, inuka. Kisu kiko juu ya dirisha, kina makali, angalia vidole. Nenda nyuma ya nyumba, chagua tawi lililokwisha kuzaa, ukate.