Dorca Nabututu na Neno "Mimi"

Milka, jirani yangu anayeuza omena, dagaa wa ziwa, hapa mtaani Manyatta, aliniuliza siku moja tukianua nguo: "Mama Laban, hebu niambie ukweli. Siku ile ya mkutano, Dorca alikosea ama alikusudia?"

Nilimwambia mvua inakuja, nikaingia ndani na nguo zangu. Lakini swali lake limekaa nami, na kwa kuwa Dorca amekwisha kulala, Mungu amlaze pema, nitaeleza nilivyoona mimi mwenyewe.

Dorca Nabututu alizaliwa upande wa Busia, akaletwa Kisumu na mume aliyebeba mizigo ya meli. Mume alikuwa Mjaluo, na mama mkwe hakutaka kusikia Kiswahili nyumbani mwake, akisema hiyo ni lugha ya askari. Kwa hiyo Dorca alijifunza Kijaluo kwa kunyimwa: asipoitaja chumvi sawasawa, alikula mboga bila chumvi. Mumewe alipofariki, alibaki na binti mmoja, Aoko, na nyumba ya mabati karibu na yangu.

Kanisani kwetu watu wa Busia na Bungoma walikaa pamoja na wenyeji wa ziwa. Mahubiri yalitolewa kwa Kijaluo, na mtu akasimama kando kuyasema kwa Kiswahili. Mtu huyo akawa Dorca. Mchungaji alimpa sharti moja tu, kwamba asiseme "mchungaji anasema". Aseme "mimi", kama vile mdomo ni mmoja. Alilishika sharti hilo mpaka likatuchekesha. Mchungaji alipokiri kwamba utotoni aliiba mayai kwa shangazi yake, Dorca alitangaza mbele ya watu wote, uso umekauka, "Nikiwa mvulana niliiba mayai ya shangazi." Akina mama walimwita Mvulana wiki nzima, naye akaitika.

Mjumbe wetu wa Bunge, Mheshimiwa Zadock, alimsikia hapo kanisani, akamwomba awe mtafsiri wake kwenye mikutano. Kijaluo cha Mheshimiwa kilikuwa kitamu. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sigara, na alijua hivyo. Akisema ataitaka serikali iwaondolee wazee kodi ya kichwa, Dorca alisema, "Nitaitaka serikali." Akisema amepinga ushuru wa samaki pale ufukweni Dunga, Dorca alisema, "Nimepinga," na mkono akaunyoosha kama yeye. Vijana wa mtaa wa Obunga wakambandika jina, Mheshimiwa wa Kiswahili. Alicheka tu. Nadhani alifurahi pia, maana mengi aliyoyataka mjumbe yule yalikuwa mema, na mama mjane hapati kila siku nafasi ya kusema "nimepinga" mbele ya chifu.

Sasa, siku hizo kulikuwa na sheria iliyomruhusu msichana aliyezaa bila kuolewa kumpeleka baba wa mtoto kortini, naye akaamriwa kutoa matunzo. Aoko alikuwa na mtoto wa namna hiyo. Baba wa mtoto huyo, karani mmoja, alimkana mpaka korti ilipomwamuru. Matunzo hayo ndiyo yaliyokuwa maziwa ya mtoto, na ndiyo yaliyomweka Aoko kwa fundi, alikokuwa akijifunza kushona. Dorca hakulificha jambo hilo, wala hakulitangaza.

Mwaka wa sitini na tisa, mvua za masika zilipoanza, Mheshimiwa aliita mkutano katika uwanja wa shule. Alianza na kodi ya kichwa, akaja kwenye zahanati aliyokuwa akituombea, na Dorca akaenda naye bega kwa bega. Kisha akasema uko mswada Bungeni wa kuifuta sheria ya matunzo. Alieleza sababu zake bila hasira. Sheria hiyo, alisema, ililetwa na wazungu. Zamani mtoto wa msichana alilelewa katika boma la babu yake, bila korti. Na leo mwanamume mwenye mshahara mdogo anadaiwa na wasichana wawili, huku mke wake wa ndoa analala njaa na watoto. Dorca aliyasema yote hayo kwa Kiswahili, bila kupunguza. Nilisimama karibu naye, nikaona amekunja pindo la leso yake ndani ya ngumi.

Ndipo Mheshimiwa akasema kwa Kijaluo, "Nitapiga kura sheria hiyo ifutwe."

Dorca akasema, "Atapiga kura sheria hiyo ifutwe."

Ni silabi moja tu, lakini sisi tuliomzoea tuliinua vichwa. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mama, leo umeshuka kwenye kiti cha Bunge?" Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akatabasamu, akamwambia asimfukuze Bungeni kabla ya uchaguzi. Akayarudia maneno yake polepole, kama anayemshika mkono mtu aliyeteleza. Dorca akamsikiliza mpaka mwisho.

"Atapiga kura," akasema tena.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mheshimiwa alijipangusa uso kwa kitambaa, akawageukia watu, akalisema mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sigara: "Mimi napiga kura. Sheria nakwisha." Tukafunga kwa maombi.

Kwa hiyo, Milka, mara ya kwanza labda ulimi uliteleza. Mara ya pili nilikuwa namtazama machoni.

Katikati ya mwaka sheria ikafutwa. Yule karani hakungoja hata mwezi uishe, akakata matunzo. Aoko aliacha kushona, akaanza kwenda Dunga kununua samaki wa kukaanga, mtoto mgongoni. Hakumlaumu mama yake. Alimwuliza tu kama ni kweli Mheshimiwa, aliyekula ugali mezani pao, alikuwa mmoja wa walioifuta. Dorca, ambaye alikuwa amemsemea mtu huyo miaka yote, alimtoa mjukuu mgongoni kwa Aoko, akaenda kumwogesha.

Jumapili moja Mheshimiwa alikuja kanisani, akatukuta mlangoni mimi na Dorca. Alimwamkia kwa heshima, bila kinyongo. Akasema ana mkutano Dunga juu ya ushuru wa samaki, na mtafsiri mpya, aliyeshika nafasi ya Dorca tangu mkutano ule, anayakatakata maneno yake kama sukuma wiki. Akasema hata Dorca akitaka kusema "yeye", na aseme, mradi aje.

Dorca alikitia kitabu cha nyimbo mkobani, akaufunga.

"Nitakuja Dunga, Baba," akamwambia. "Lakini nakuomba kwanza ufike nyumbani umweleze Aoko ulivyopiga kura, na sababu zako. Mweleze wewe mwenyewe kwa Kijaluo. Kwake mimi siwezi kukutafsiria."