Blandina na Ofisi ya Sebuleni

Mwezi wa tatu mwaka 1984, Sylvesta, dereva wa trekta la chama cha wakulima wa ngano, aliingia ofisini Karatu bila kuvua kofia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Blandina.

"Dada, mama yako ameanguka zizini," alisema. "Mkono wa kulia haunyanyuki, na maneno yanatoka nusunusu."

Blandina, mpiga chapa wa chama kwa miaka tisa, alifunika mashine yake, akapanda trekta. Mama yake, Lukresia, aliishi peke yake kule Mbulumbulu, kwenye shamba linalopakana na msitu, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne na udongo ukinywa mvua hung'ang'ania gurudumu kama gundi. Baba alikwishafariki. Watoto walikuwa wawili tu, na yule mkubwa ameolewa mbali. Blandina hakuwa na mume wala mtoto. Hakuhitaji kuambiwa mzigo huo ni wa nani.

Likizo ya siku ishirini na nane ikaisha mama akiwa bado anapakatwa kama mtoto. Blandina akashuka Karatu na barua ya kuacha kazi. Mkuu wa ofisi, Mzee Hhando, aliisoma mara mbili.

"Umeichapa mwenyewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haina kosa hata moja. Sasa nikiikubali, nani atanichapia barua ya kutafuta mpiga chapa mwingine?"

Blandina alicheka huku machozi yakimlengalenga. Mzee Hhando aligonga meza kwa kidole, kisha akauliza kama ile mashine kuukuu ya stoo bado inafanya kazi.

"Herufi ya 'r' inakwama, lakini inafanya."

"Basi ichukue nyumbani. Sylvesta hupita Mbulumbulu Jumatatu na Ijumaa. Jumatatu atakuletea rasimu, Ijumaa ataleta zilizochapwa. Tujaribu."

Jambo hilo lilikuwa halijawahi kusikika. Valeriani, karani mkuu, mtu wa suruali yenye mikunjo ya pasi na saa isiyokosea dakika, alisimama mlangoni akalipinga waziwazi. "Mzee, kazi ya ofisi hufanyiwa ofisini. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Nyoka tuliye naye ni barua, Valeriani," alisema Mzee Hhando. "Mpe karatasi za kaboni."

Ndivyo mashine ilivyofika sebuleni kwa Lukresia, ikawekwa juu ya meza ya kuchambulia maharage, karibu na dirisha. Kitanda cha mama kilihamishiwa hapohapo, ili binti aweze kuchapa na kutazama kwa wakati mmoja.

Wiki za kwanza Blandina alijiona kama mtu aliyeokota bahati njiani. Aliamka, akakamua ng'ombe, akamwogesha mama na kumlisha uji, na saa mbili kamili yuko mezani. Kule Karatu, kabla hajamaliza ukurasa, mtu angemwita achemshe chai, mwingine angetaka funguo za kabati, wa tatu angekuja kusimulia harusi ya jana. Huku kazi ya siku tatu ilikwisha siku mbili. Chumba alichokuwa amepanga mjini alikirudisha kwa mwenyewe. Mchana alikula mboga zake mwenyewe, na vidole vikichoka alitoka nje akapalilia mstari mmoja wa maharage.

Na mama akaanza kurudi. Mwanzoni alilala tu akisikiliza. Mashine ikinyamaza kwa muda, aliuliza kwa ulimi mzito, "Imekufa?" Blandina akajibu, "Haijafa, Aayo, mama yangu, inapumua." Baadaye alijifunza kupanga karatasi za kaboni kwa mkono wa kushoto, taratibu, moja baada ya nyingine, vidole vikajaa wino wa buluu. Wageni wakija aliwanyooshea vidole hivyo. "Mimi pia karani," alisema, na nusu ya uso wake ikatabasamu.

Taabu ilikuwa kwa majirani. Kwa macho yao, mtu aliye kazini huondoka asubuhi na kurudi jioni. Blandina alikuwepo, basi alikuwa hana kazi. Wengine walinong'ona kwamba amefukuzwa na ile mashine amepewa kama kifuta jasho. Mama Patrisi, jirani wa upande wa bondeni, alikuwa na mtoto mchanga na shamba kubwa, akazoea kupitia uani. "Blandina, kwa vile upo tu, nishikie huyu kidogo." Kidogo ikawa hadi saa nane mchana. Blandina alichapa mihtasari ya vikao huku mtoto wa watu akilia mgongoni. Hakuweza kukataa. Ungemwelezaje mtu kwamba upo lakini haupo?

Kisha kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulitazamia. Alianza kuzikumbuka zile kelele alizokuwa akizilalamikia. Alikumbuka Cresensia, binti wa masijala, aliyechapa kwa vidole viwili na kucheka hadi kukohoa. Alimkumbuka hata Valeriani na saa yake. Ijumaa trekta lilipokuja, alimshika Sylvesta kwa maswali: nani kahamishwa, nani kagombana na nani, Mzee yu mzima? Sylvesta alikuwa mtu wa maneno machache. "Wapo," alisema, akapakia jalada. Na dizeli ilikuwa ya shida miaka ile, hivyo hakupenda kusimama na injini ikinguruma.

Ijumaa moja mwanzoni mwa Januari, Sylvesta alimkuta bado anachapa barua za kuwaita wanachama kwenye mkutano wa mbegu. Wataalamu kutoka Arusha wangekuja, Mzee Hhando alikuwa amekubaliana nao yeye mwenyewe. Rasimu ilikuwa ya mkono wake. Blandina alifika kwenye tarehe akasita. Ile tarakimu ya pili ilikuwa moja au saba? Mzee Hhando aliandika moja yenye pua na saba isiyo na mkato katikati. Ofisini angegeuza shingo tu na kuuliza. Huku hapakuwa na simu. Nje injini ilikuwa ikinguruma, Sylvesta akipiga honi. Blandina akachapa 17.

Ilikuwa 11.

Siku ya kumi na moja wataalamu walifika Karatu, wakakuta mabenchi matupu, wakageuza gari. Siku ya kumi na saba wanachama, ambao marekebisho hayakuwafikia kwa wakati, walishuka kutoka kila upande, wengine wazee waliotembea tangu alfajiri, wakakuta hakuna mgeni wala mbegu. Habari zilimfikia Blandina kwa kikaratasi chenye mstari mmoja: *Njoo ofisini.*

Alimwomba Mama Patrisi amwangalie mama, akapanda trekta. Njiani alikuwa na ile rasimu mkononi, akiitazama tena na tena, na hata sasa hakuweza kutofautisha moja na saba.

Alipoingia, kiti chake kilikuwa kimebebeshwa majalada. Cresensia hakuwepo.

"Yuko wapi?" alimuuliza Valeriani.

Valeriani alikohoa. "Amekwenda masomo ya uhazili. Mwaka mzima."

Masomo hayo Blandina aliyasubiri miaka tisa. Aliingia kwa Mzee Hhando, na badala ya kuomba radhi kama alivyojipanga, maneno mengine yakamtoka.

"Mzee, mbona sikuambiwa?"

Mzee Hhando alivua miwani. "Barua ilikuja Jumatano, majibu yalitakiwa Ijumaa asubuhi. Nilitazama humu ofisini, nikamwona Cresensia. Nisikudanganye, binti yangu. Sikukukumbuka."

Blandina aliweka rasimu mezani. "Na hii, Mzee, ni moja au saba?"

Mzee aliichukua, akaisogeza dirishani, akaivuta karibu na pua. Akaangalia muda mrefu. "Hata mimi sijui," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Kisha akasema alivyoona ni heri yaishe: mashine irudi stoo, na Blandina achague, ofisini au basi.

Aliyezungumza ni Valeriani, ambaye hakuna aliyemwita. "Mzee, mimi nilipinga tangu mwanzo, na sikupinga kwa ubaya. Asiyekuwepo na lake halipo, umeyaona leo. Lakini tangu aondoke, barua hazijawahi kuchelewa hata Ijumaa moja. Huyu mtu aje siku mbili. Aje Jumanne, alale nyumbani kwetu, mke wangu atampokea, Jumatano arudi jioni na lori la maziwa. Rasimu azisome hapa, aulize hapa. Kuchapa akachapie kwao."

Blandina alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Ilibaki nani atakaa na mama siku hizo mbili. Aliporudi Mbulumbulu alimweleza Mama Patrisi kwa kusitasita, na mwanamke yule akamkazia macho. "Umenishikia mwanangu miezi minane bila kununa. Mimi nishindwe na mama yako siku mbili? Nenda kazini kwako." Ilikuwa mara ya kwanza jirani yeyote kuiita kazi.

Wakaenda hivyo miaka miwili na ushei. Haukuwa mpango wa raha. Mvua za masika zilimwacha njiani mara nyingi, na kuna Jumanne alizofika Karatu saa sita akiwa na tope hadi magotini. Alichoka kuliko alipokuwa na sehemu moja ya kuchokea. Lakini makosa hayakurudi, na mwaka 1986 barua ya masomo ilipokuja tena, Mzee Hhando aliandika jina lake kabla hajaketi. Blandina aliomba asubiri. Mama alikuwa ameanza kudhoofika.

Lukresia alifariki Julai 1987, asubuhi ya Alhamisi, mashine ikilia kando yake. Blandina alimaliza mstari aliokuwa nao ndipo akagundua kwamba hajaulizwa lolote tangu alfajiri.

Baada ya arobaini alimwambia Sylvesta aje na kamba. Hakutaka kuendelea kuchapa kwenye nyumba ile peke yake. Waliibeba mashine wawili, wakaifunga kwenye tela, na Blandina akakaa juu ya gunia kando yake badala ya mbele kwa dereva. Walipofika mteremko wa Rhotia manyunyu yakaanza. Alivua khanga ya mabegani, akaifunika mashine vizuri pande zote, akaishikilia hivyo hadi Karatu, mvua ikimlowesha kichwa.