Priz Tatu za Mama Djibril

Katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge, Burundi, watu hawahitaji kalenda. Wanatazama kamba ya Mwasiti binti Ramazani. Kamba hiyo imefungwa ukuta hadi ukuta katika chumba chake cha mbele, na anayepita barabarani akiona kanzu nyeupe dirishani anajua leo ni Alhamisi. Akiona mavazi ya harusi, yale ya kufungwa begani, ni Ijumaa jioni. Suti na magauni ya kanisani, Jumamosi. Jumatatu kamba ni tupu na mwenyewe hulala mpaka jua limguse miguu, kwa sababu Jumatatu, anasema, hakuna dini inayoidai.

Ana miaka sitini na saba, na kazi ya kupiga pasi aliirithi kwa baba yake, aliyevuka ziwa kutoka Baraka, upande wa Kongo, na pasi ya makaa yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko. Mkono wake wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Joto la pasi hulipima kwa kuisogeza karibu na shavu bila kuigusa. Jirani yake Jovita, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kutoka kambi za Tanzania na Kiswahili kilichonyooka kama rula, humwambia kwamba ndiyo maana shavu moja halina makunyanzi, na kwamba angefanya haki kulinyoosha na la pili.

Aliyeharibu mambo ni umeme. Umeme ukikatika Rumonge watu hawakai ndani kununa. Hutoka nje, na hiyo ndiyo saa ya kutembeleana. Siku moja mwaka jana ulikatika Mwasiti akiwa katikati ya kanzu ya mzee Hamissi, anayetunza funguo za msikiti. Aliiacha pasi pale ilipokuwa, ikiwa imelala juu ya mgongo wa kanzu, imekufa na haina dhambi, akaenda kwa Jovita kumsaidia kuchambua maharagwe. Walichambua, wakasengenya, wakachambua tena. Umeme ukarudi bila kupiga hodi. Jovita ndiye aliyenusa. Walipofika, meza ilikuwa inawaka upande mmoja na pazia limeanza kuifuata, na Jovita akauzima moto kwa maji ya kuoshea vyombo. Kanzu ilibaki na tundu lenye umbo la pasi, safi kabisa, kama lililokatwa na fundi cherehani. Mpaka leo mzee Hamissi akiivaa huvaa koti juu yake, hata siku ambazo jua linakausha ndagala, dagaa wa ziwani, kabla ya adhuhuri. Akiulizwa, anasema anasikia baridi.

Habari ilimfikia Djibril, mwanawe anayeuza simu Bujumbura na kukaa Kinindo, nyuma ya lango la chuma. Djibril alishuka, akaitazama meza, akasema mama ahamie kwake. Mwasiti akasema hahami. Walibishana siku mbili, kwa heshima, wakipitishiana chai. Mwisho mtoto akatoa sharti: ataleta priz za kisasa, soketi za umeme zile zinazoongea na simu, azifunge ukutani. Mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, ikiwa pasi haikusahauliwa hata mara moja, mama atabaki Rumonge. Ikisahauliwa, gari linakuja na vitu vinapakiwa. Mwasiti alijibu, "Mungu akipenda," jibu ambalo halijawahi kumfunga mtu, lakini usiku ule alilala akiupapasa ukuta wake kama mtu anayeaga.

Kazi ya kuzifunga alipewa Karimu, fundi wa umeme aliyetandaza nyaya za nusu ya mtaa ule. Karimu alikisoma kikaratasi cha maelezo kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa hekima, na Djibril akakigeuza taratibu kwa sababu alikuwa amekishika juu chini. Ukuta ni wa matofali mabichi, na tundu la priz ya zamani lilikuwa na kina kifupi mno kwa kifaa kipya, kwa hiyo aliuchimba kwa patasi mpaka vumbi likafunika chumba na Mwasiti akapiga chafya kumi na moja. Kisha ikaonekana kwamba nyaya zote alizotandaza Karimu katika nyumba ile zilikuwa na rangi moja. Djibril akamuuliza atajuaje upi ni fazi, wenye umeme, na upi ni netre, usio nao. Karimu akasema anakumbuka. Djibril akamwomba apime na testa hata hivyo. Alipima, akazibadilisha nyaya mahali, na habari ile haikuzungumzwa tena.

Priz zikawa tatu: moja ya pasi chumba cha mbele, moja ya birika la umeme upande wa jikoni, moja ya simu chumbani kwa Mwasiti. Kila moja ilikuwa na kitaa cha buluu kilichopepesa mpaka ilipozoeana na kisanduku kidogo cha intaneti alichokileta Djibril, kisha kikatulia. Djibril alimwonyesha mama kwenye simu yake: hii ni pasi, imewashwa saa fulani, imetumia umeme kiasi fulani, na nikibonyeza hapa, inazimika, hata mimi nikiwa Bujumbura. Na umeme ukikatika ukarudi, priz ya pasi haiamki yenyewe. Inangoja iambiwe.

Jambo hilo la mwisho Mwasiti alilikubali moyoni. Hata watu wangefaa kuwa hivyo, alifikiri. Yale mengine hayakumpendeza. Akamuuliza Karimu kama kitu kile kina jicho. Karimu akamhakikishia hakioni chochote.

"Basi ndiyo mbaya zaidi," Mwasiti akasema. "Haioni, na bado inasema."

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Wiki ya pili simu zikaanza. Djibril alikuwa dukani, wateja wachache, na mtu asiye na wateja hutazama pasi ya mama yake. Alipiga kuuliza mbona chai ya asubuhi imechelewa. Alipiga kuuliza kama birika limeharibika, maana limechemsha mara tano, na Mwasiti ikabidi ataje wageni wake wote kwa majina, kama mbele ya ofisa wa uhamiaji. Kisha Alhamisi moja, saa nne, simu ikalia.

"Mama, pasi iko inawaka tangu saa mbili."

"Iko inawaka kwa sababu mama yako iko anapiga pasi."

"Masaa mawili?"

"Waislamu ni wengi, mwanangu."

Alifikiri yameisha. Lakini baada ya nusu saa, akiwa kwenye kola ya kanzu ya Ijumaa, pasi ikapoa mkononi. Kitaa cha buluu kilikuwa kimezimika. Djibril alikuwa amepiga mara mbili bila kupokelewa, maana simu ilikuwa chumbani, akaona heri azime kuliko ajute. Mwasiti alisimama pale na pasi baridi, akaisogeza karibu na shavu, ikawa kama shavu la mtu mwingine. Hasira ya mtu aliyezoea kunyoosha vitu haina mikunjo.

Jumatatu iliyofuata alivuta chini ya kitanda pasi ya baba yake. Akampangusa jogoo vumbi. Kitambaa kimoja akakitundika juu ya priz ya pasi, cha pili juu ya ile ya birika, cha tatu chumbani. Chai akaipika kwenye mbabula, jiko la makaa. Pasi ya umeme haitasahauliwa kamwe, aliwaza, ikiwa haitawashwa kamwe, na sharti lilikuwa la pasi ya umeme. Alifurahi peke yake siku tatu. Alisahau jambo moja tu: simu yake nayo ilikuwa ikila chakula kwenye ile priz ya chumbani. Jumanne jioni ilikufa kimya kimya, na yeye akaona ni raha kwamba mtoto ameacha kupiga.

Kule Bujumbura, Djibril aliona birika halichemki. Pasi haiwaki. Simu ya mama haipatikani. Jumatano akajiambia ni mtandao. Alhamisi adhuhuri, siku ya kanzu, siku ambayo pasi ile haijawahi kulala, akaona sifuri tatu zimepangana, akafunga duka. Akampigia Karimu akiwa ndani ya gari tayari, akimwomba afike nyumbani kwa mama kabla yake.

Karimu alimkuta Jovita anatoka shuleni, wakaenda pamoja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Mwasiti alijifungia makusudi: wateja hawapendi pasi ya makaa karibu na nguo nyeupe, na Karimu mwenyewe alikuwa ameshatangaza sokoni kwamba nyumba ile ndiyo ya kwanza mtaani yenye priz za akili. Aliposikia sauti yake mlangoni, akatafuta pa kuficha pasi. Akaiweka dirishani, nyuma ya pazia, akasema ngoja, navaa.

Nje ya mlango hawakusikia "navaa". Walisikia sauti ya mtu mnyonge. Kisha wakaona moshi unatoka dirishani, mwembamba, ukipanda kwa utulivu. Karimu alikimbilia mita na kukata umeme wa nyumba nzima, jambo alilojivunia baadaye. Jovita hakukimbia. Alikuwa na uzoefu. Alichukua ndoo ya jirani aliyekuwa anafua, akaimwaga yote dirishani.

Pasi ya mzee Ramazani ilipiga mluzi mmoja mrefu. Majivu yaliruka. Maji yakafika kwenye kamba, juu ya kanzu kumi na mbili zilizokwisha kunyooshwa, na yaliyobaki yakamkuta Mwasiti aliyekuwa anakuja kufungua. Alifungua hivyo hivyo, akichuruzika.

"Amahoro, mwalimu," alimwamkia kwa Kirundi. "Ungebisha hodi tena ningefungua."

Wakati huo Djibril alikuwa amefika Magara, ambapo gari lilisimama kwa ajili ya abiria aliyetaka kununua mikeke, wale samaki wa ziwani. Alitazama simu, akaona priz zote tatu zimetoweka kwa pamoja. Karimu alikuwa ameukata umeme, na kisanduku cha intaneti kimekufa nao, lakini mtu aliye Magara hayajui hayo. Djibril aliona nyumba imeungua. Wanasema alimsihi dereva kwa machozi, na kwamba yule abiria alirudi garini bila samaki na bila kudai.

Alipofika, uani palikuwa na watu kama ishirini. Aliupita umati akiwa hana pumzi, akamkuta mama yake ameketi kwenye kigoda, kitenge cha Jovita mabegani, akinywa chai ambayo watu watatu tofauti walikuwa wamemletea. Mzee Hamissi alikuwepo pia, amevaa koti, akiulizia kanzu yake mpya. Djibril alipiga magoti mbele ya mama. Akasema lililotarajiwa: kwamba yametosha, kwamba gari litakuja, kwamba afungashe.

Mwasiti aliweka kikombe chini.

"Uliza simu yako," alisema. "Pasi ya umeme imesahauliwa?"

Djibril akakubali kwamba haikusahauliwa.

"Sharti lilikuwa hilo." Kisha akapunguza sauti, na Jovita peke yake ndiye aliyesikia na ndiye aliyesimulia. "Kule kwako, nyuma ya lango, moshi ukitoka dirishani kwangu, nani atanimwagia maji?"

Djibril aligeuka akawatazama: Karimu na testa mfukoni, Jovita na ndoo tupu, jirani akingoja arudishiwe ndoo yake. Majirani zake wa Kinindo anawafahamu kwa honi za magari. Hakujibu, na katika familia ile kutokujibu ndiko kukubali.

Hata hivyo kanzu kumi na mbili zilikuwa zinachuruzika, na Ijumaa haisubiri. Karimu akarudisha umeme. Mwasiti akakitoa kitambaa juu ya priz, na Djibril ikabidi aiamshe pasi kwa kidole chake kwenye simu, mbele ya watu wote, kisha akavua saa na kuombwa ashike upande wa pili wa nguo. Walipiga pasi mpaka magharibi. Alikunja mikono ya kanzu ovyo, kama baba yake marehemu, na Mwasiti aliikunjua na kuikunja upya, akiyatazama mabega yale na kuwaza jinsi mtoto anavyoondoka nyumbani, mama akabaki kuuona mgongo wake tu.

Kabla ya kurudi, walipatana upya. Priz ya birika na ya simu zikarudi kuwa priz za kawaida, zisizo na habari ya kupeleka popote. Ya pasi ikabaki, na tabia yake ya kutoamka baada ya umeme kukatika. Lakini mamlaka ya kuizima yalihamishwa kutoka simu ya Djibril hadi simu ya Jovita, kwa kuwa Jovita akiwa na wasiwasi anaweza kuvuka ua na kutazama. Djibril akitaka kujua kama mama amekunywa chai, apige simu aulize, na ataambiwa pia wageni walikuwa nani, apende asipende.

Mwezi uliandama, na Mwasiti yuko pale pale. Tatizo lililobaki ni Jovita. Shule ikitoka mapema na maharagwe yakiwa yanangoja kuchambuliwa, mwalimu huyo hana subira. Mwasiti anakuwa kwenye kola, pasi inapoa mkononi, kitaa cha buluu kinazimika, na hakuna umeme uliokatika. Husonya, huiweka pasi kwenye kiti chake cha chuma, hujifunga kitenge vizuri, na kwenda kuchambua.