Kocha Delmar na Taa ya Ng'ambo ya Barabara

Ukitaka kumjua Delmar Kucera, usimtazame mchezo unapoendelea. Wakati wa mchezo yeye ni kocha kama makocha wengine wa kujitolea hapa Nebraska: kofia imefifia, mfuko umejaa mbegu za alizeti, na sauti anaiweka akiba. Mtazame mchezo ukiisha. Wasichana wa timu zote mbili hupanga foleni, wakapishana wakigonganisha viganja na kuambiana "mchezo mzuri", hata wale waliokuwa wakinuniana muda mfupi uliopita. Delmar hupita wa mwisho. Akishagonga kiganja cha msichana wa mwisho, mkono wake hubaki juu kidogo, umenyooka, kana kwamba kuna mmoja zaidi anakuja. Halafu huushusha na kwenda kukusanya magongo.

Mimi ni Verna Pospisil. Nauza soseji na soda kwenye kibanda kando ya uwanja wao wa softiboli, mchezo wa mpira na gongo, na mkono ule nimeuona miaka yote. Wageni hudhani mzee ana maumivu ya bega. Mji wetu una maghala ya nafaka, kanisa, baa na uwanja, na watu wake wana ufundi mmoja mkubwa, wa kutouliza. Ufundi huo unaniudhi sana, na mimi mwenyewe ninao.

Anayengojwa mwisho wa foleni ni Jolene Havlik. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, akirusha mpira kwa mkono wa kushoto, na mdomo wake haukuwa na breki. Alimwita Delmar "Kocha Kobe" mbele ya wazazi, na Delmar alipenda. Kwao ni ng'ambo ya barabara tu. Ukisimama kwenye lango la uwanja unaiona nyumba yote. Jioni moja baada ya mechi alibaki yeye peke yake, kiza kimeshaingia. Delmar akamwambia haya nenda, kwenu si pale, taa inawaka. Kisha akageuka kwenda kuzima taa za uwanja, kwa kuwa wakubwa wa ligi walikuwa wamelalamika kuhusu umeme. Alivuta swichi Jolene akiwa katikati ya barabara. Lori la mahindi lilikuwa linatoka mashambani, na dereva wake hakuona mtu.

Hakuna kanuni aliyovunja. Polisi walisema hivyo, kasisi akasema hivyo, na mimi nikamwambia hivyo hivyo, kana kwamba hilo ni dawa. Arlene, mama yake Jolene, hakumwambia kitu, si siku ile wala baada yake. Taa ya barazani aliyokuwa amemwashia mwanawe hakuizima tena, usiku wala mchana. Balbu ikiungua anaweka nyingine. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wangepita barabara yetu jioni, wangenyamaza.

Tulidhani Delmar ataacha. Hakuacha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nikiacha, nani atawasubiri?" Basi haondoki mpaka kila mtoto ameingia kwenye gari na yeye ameuona uso wa dereva. Taa za uwanja hazizimwi mpaka barabara iwe tupu. Mimi nikimaliza kuosha vyombo huwa namuuliza, "Wote wameshafika kwao?" Naye hujibu, "Wote," macho yakiwa kwenye ile taa ya ng'ambo.

Siku hizi kanuni zimekuwa nyingi. Kila majira ya kuchipua makocha huitwa kwenye ukumbi wa shule wakasomewa: usimfokee mtoto, usitafune tumbaku uwanjani, radi ikisikika wote watoke. Na hii, ambayo Delmar anaishika kuliko zote: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto wa mwenzake. Lazima watu wazima wawe wawili. Ni kanuni nzuri, nimeishi vya kutosha kujua kwa nini ipo. Mara nyingi wa pili ni mimi.

"Delmar, ukifa watakuzika umesimama," humwambia.

"Wewe watakuzika na hizo soseji," hunijibu, "maana wateja hawazitaki."

Jioni ninayoisimulia ilikuwa ya Juni, na mbingu ilikuwa na rangi ya supu ya njegere. Mechi ilikatizwa, wazazi wakachukua watoto wao mbiombio. Mimi nilipakia vitu vyangu mapema kwa sababu Brant, kocha msaidizi, alikuwepo. Sikujua kwamba nikishaondoka tu king'ora cha zimamoto kingelia. Brant ni mzimamoto wa kujitolea, na wao ndio hupelekwa mashambani kutazama mawingu ya dhoruba. Akakimbia. Delmar akabaki na Tegan, msichana wa miaka kumi, ambaye mama yake anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee katika mji wa jirani. Mama hakupokea simu. Delmar akanipigia mimi, simu yangu ilikuwa inalia nyuma ya gari, chini ya makreti ya soda.

Yaliyofuata nilihadithiwa na Tegan mwenyewe, na Tegan hajui kuficha kitu.

Delmar alimweka ndani ya pikapu yake, akafunga mlango, na yeye akabaki nje penye mvua, mbali kidogo, mahali ambapo yeyote anayepita angemwona. Tegan akashusha kioo.

"Kocha, ingia bwana. Unalowa."

"Kwani mimi sabuni? Siyeyuki. Pandisha kioo."

Ndipo kikalia king'ora cha pili, kile kirefu kisichopanda wala kushuka. Kimbunga. Hapa kwetu mtoto mdogo anajua kwamba gari si kimbilio. Kimbunga hulibeba likiwa na watu ndani. Unatafuta chumba cha chini ya nyumba, na unakitafuta haraka. Kanisa lilikuwa mbali, kwangu mbali zaidi. Nyumba ya karibu ilikuwa ile yenye taa ya barazani.

Alimshika Tegan mkono mpaka ukingo wa barabara. Hapo akasimama. Alitazama kushoto, kulia, kushoto tena. Mvua ya mawe ikaanza kuwapiga mabegani.

"Kocha, hakuna gari."

"Najua."

"Sasa tunangoja nini?"

Delmar akapiga moyo konde, wakavuka.

Arlene alifungua mlango kabla hawajabisha vizuri. Mbele yake alisimama msichana aliyelowa, amevaa fulana ya manjano ya timu ile ile ya Jolene. Alimtazama mpaka Tegan akadhani watafukuzwa. Kisha akasema mtoto aingie. Delmar akauachia mkono wa Tegan, akarudi nyuma ngazi moja, akasema kwamba sasa mtoto ana mtu, yeye atarudi kwenye gari.

"Delmar Kucera," Arlene alisema, "shuka huko chini kabla sijabadili mawazo."

Walikaa katikati ya mitungi ya bitiruti zilizolowekwa kwenye siki. Umeme ukakatika. Nyumba ililia juu yao, na Tegan, ambaye akiogopa huongea, aliongea.

"Kocha, kwa nini mwisho wa foleni unaacha mkono juu? Sisi tunabishana. Hadley anasema uliwahi kupata kiharusi."

"Ni zamu ya Jolene," Delmar alisema.

"Jolene ni nani?"

"Mwanangu," Arlene alijibu gizani. Halafu akamgeukia Delmar. "Mimi nakuona kutoka dirishani. Nilidhani unawapungia watu. Kila mechi nimekuchukia kwa mkono huo."

"Una haki."

"Sikuombi ruhusa." Upepo ulipita, mitungi ikagongana. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Huwa anaugonga?"

"Kuna siku huugonga," Delmar alisema.

Kimbunga kilipita nje ya mji, kikang'oa paa la ghala moja na kutuacha. Nilipoiona simu yangu niligeuza gari mbio, na mama yake Tegan alifika nyuma yangu, bado amevaa sare ya kazi. Delmar aliutazama uso wake kwanza, kama kawaida yake, ndipo akamwachia mtoto. Wakaondoka. Mji wote ulikuwa giza.

Arlene alisimama barazani akibonyeza swichi, chini, juu, chini. Nywele zake zilikuwa zimemganda usoni.

"Imezimika," alisema. "Haijawahi kulala imezimika."

Nilitaka kumwambia kesho wataurudisha umeme. Nashukuru nilichelewa. Delmar alikuwa ameshashuka ngazi. Alivuka barabara, akaileta pikapu, akaiegesha mbele ya nyumba kando ya ngazi, ikitazama lango la uwanja, akawasha taa kubwa. Mwanga ukaangaza barabara, ng'ambo mpaka ng'ambo, na njia yote hadi kwenye ngazi.

"Betri itakufa," nilimwambia.

"Ife."

Arlene aliketi kwenye ngazi ya juu. Delmar naye akaketi ngazi hiyo hiyo, huko mwisho kabisa, na kati yao ikabaki nafasi ya mtu mdogo. Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Nikasema lile ninalosema kila jioni, kwa mazoea tu.

"Wote wameshafika kwao?"

Delmar alifungua mdomo, lakini Arlene alimtangulia.

"Bado mmoja," alisema.

Nikakaa ngazi ya chini, pembeni, nisije nikaziba mwanga.