Mzabibu Ulioliwa na Mbuzi wa Msangano

Misimu miwili mfululizo mvua ilizikuta zabibu zangu Dodoma zikiwa zinaiva. Zilipasuka, zikaoza palepale mtini, na gari la kiwanda cha mvinyo likaondoka tupu. Ndipo shemeji yangu Yohana, aliyemuoa dada yangu huko Mbozi, akanipigia simu. Kwao baridi imepungua, akasema, anataka kung'oa mibuni aliyoachiwa na baba yake apande zabibu, nami nihamie tulime pamoja.

"Njoo uione ile miche uliyotupatia mwaka juzi," alisema. "Ukisema ndiyo tu, nashika shoka."

Mke wangu alinifungia begi shingo upande. Hakutaka kuhama hata kidogo.

Alfajiri nilipanda basi la Tunduma. Nilishuka Mlowo, huko Mbozi, jioni, miguu imevimba, nikapita kando ya malori yaliyokuwa yakipakia mahindi. Nyumbani dada alinikaribisha kwa ugali na maharage. Yohana alipotoka kuchota maji, dada akaninong'oneza, "Kaka, mwambie asikate. Kahawa hiyo ndiyo imesomesha watoto wangu."

Asubuhi tuliingia shambani. Nilicheka, nikajuta kucheka. Yohana alikuwa ameipanda mizabibu karibu yote kati ya mibuni, chini ya kivuli cha migomba, kaiwekea matandazo, na hakuwahi kukata hata tawi. Majani yalikuwa mapana na yamejaa ukungu. Kishada hakikuwepo hata kimoja.

"Shemeji, umeilea kama kahawa," nikamwambia. "Mzabibu unataka jua, tena unataka kukatwa mpaka uuonee huruma."

"Tawi zima lenye afya nalikataje?" Alikuwa ameumia, nami niliona aibu kwa kicheko changu. Baadaye akakumbuka kwamba mche mmoja alimpa rafiki yake Masanja, mfugaji wa kule bondeni.

Kesho yake tulishuka Msangano kwa pikipiki, joto likipanda kila tulipoteremka. Masanja alitupokea kwa maziwa mgando. Nilipomuuliza habari za mzabibu, alijikuna kichwa.

"Samahani sana. Tulipovuna mahindi tukafungulia mifugo shambani, kama kawaida yetu. Mbuzi wakautafuna wote, kikabaki kisiki. Nikajua umekufa."

Akatupeleka nyuma ya zizi. Mzabibu ulikuwa umeukumbatia uzio wa miiba, umejaa vishada vyeusi, hauna doa. Mbuzi waliukata mvua zilipokoma, ukachipua upya na kuzaa wakati wa ukavu, ukinywa maji yanayomwagika kwenye hori la ng'ombe. Nilichuma zabibu moja nikaonja. Ilikuwa tamu kuliko zangu zote za miaka hii, na machozi yalinilengalenga.

"Nitahamia hapa," nikasema.

Masanja alitazama kisima chake. "Karibu sana. Sisi tulitoka Usukuma tukifuata majani. Wewe unafuata nini?"

"Mimi naikimbia mvua inayokuja vibaya."

"Basi jua kwamba hata hapa kisima kinashuka kila mwaka. Usije ukadhani umefika."

Tuliporudi kwake Yohana aliliingiza shoka stoo, akamwomba dada mkasi wa kupogolea, akaenda kuikata ile mizabibu yake michache iliyosimama pembeni, penye jua. Kila tawi aliligunia. Mibuni haikuguswa, na usiku ule dada alitupikia kuku.

Nilirudi Dodoma na vishada vitatu ndani ya kikapu. Mke wangu alinisubiri mlangoni.

"Tunahama?"

"Hapana. Hata kule maji yanapungua. Tunapogolea, leo hii, zabibu ziive kabla mvua haijashika. Maji tutachota kisimani." Sikuwa na uhakika kama itafaa, na nilimwambia hivyo.

Alinishangaa. "Mapema hivi? Baba yako hakuwahi kukata mwezi huu."

"Baba alikuwa na mvua yake," nikasema, nikampa mkasi mmoja.