Unga wa Maganda na Pete ya Kabula

Naanika aibu yangu mwenyewe kabla watu wa Kisesa hawajaniwahi.

Zama hizi za ruksa kila mtu ana biashara, nami nilichoka kutangatanga machimboni. Kwenye gereji nilikofanya kibarua Mwanza, nilijifunza kwamba maganda ya karanga yaliyosagwa husafisha vyuma vya injini bila kuvichubua. Nikasaga yangu, nikapanga makopo ya unga gulioni Kisesa na mke wangu Kabula.

"Sufuria, visigino, mikono ya fundi!" nilinadi. Nikasugua sufuria jeusi la mama muuza dagaa, likang'aa. Nikasugua visigino vyake, vikalainika. Watu wakajaa. Nilijiona waziri wa viwanda.

Sifa zikanizidi. Nikaushika mkono wa Kabula. "Sasa tazameni dhahabu inavyowaka!"

Ilikuwa pete niliyomvisha niliporudi kutoka Geita, nikaapa nimeichimba mwenyewe. Kweli niliinunua kwa mchuuzi stendi, ila uongo ule nimeusimulia miaka mingi hata nikauamini. Nikasugua kwa nguvu zote. Dhahabu ikahamia kwenye kitambaa, kidoleni ikabaki shaba.

Kabula akainua mkono ili wote waone. "Baba Masanja, hii ndiyo uliyoilalia shimoni miezi mitatu?"

Kabla sijajibu, mama wa dagaa akasukuma watu. "Shemeji, nipe makopo mawili! Na mume wangu alinivisha pete akitokea Geita."

Makopo yakaisha papo hapo. Kabula ndiye aliyeyauza, pete ya shaba kidoleni, mimi nimejificha nyuma ya gunia la maganda.